Mwanvua na Filta ya Malaika

Watu wa Rusimbi wakitaka picha ya pasipoti waliingia popote palipo karibu, lakini wakitaka picha ya kutundika ukutani walikwenda kwa Mwanvua. Mambo yalikuwa hivyo miaka mingi, hata mwenyewe akasahau kwamba yangeweza kuwa vingine. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, kando ya barabara iendayo Ujiji, kati ya fundi cherehani na duka la spea za baiskeli. Ndani mna pazia jekundu, benchi, kioo cha kujiwekea sawa kilemba, na feni inayozunguka umeme ukipenda.

Kazi alijifunzia Ujiji kwa baba yake mdogo, Mwinshehe, enzi za kamera za filamu. Katika ukoo wao, ambao wazee wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakalowea hapa, hapakuwa na mwanamke aliyewahi kushika kamera, na shangazi zake walisema wazi kwamba zile dawa za kusafishia picha zitamharibu ngozi kabla hajapata mchumba. Mwinshehe hakubishana nao. Alimpa mtoto aproni akamwingiza chumba cha giza. Akamfundisha kuusoma mwanga wa alasiri unaorudishwa na maji ya ziwa, na kuchovya brashi nyembamba kwenye wino na kuziba madoa kwenye picha iliyokwisha kukauka. Na kulikuwa na jambo aliloliimba mpaka likamchosha msikiaji: karatasi ichezee upendavyo, negativu usiiguse. Negativu zake, zile filamu za asili, alizipanga kwenye makopo ya biskuti, na watu walikuja baada ya miaka, nyumba imeungua au mchwa wamekula fremu, akawasafishia picha upya.

Mzee alipofariki, filamu nazo zilikuwa zinakufa. Mwanvua alinunua kamera ya kisasa iliyokwisha kutumika, kompyuta kuukuu, na programu ya kuhariri picha aliyonakiliwa kwenye flashi na mtu aliyemfahamu. Hakuijua yote. Alijua kukata kingo, kuongeza mwanga kidogo na kuondoa doa la vumbi, na hayo yalimtosha. Aliwapiga maarusi wa Ujiji na watoto wa komunyo ya kwanza wa Kigoma mjini, akawapiga mahujaji kabla ya safari. Alisifiwa.

Kisha vijana wakafungua studio kule mtaa wa Mwanga. Picha zao zilitoka nyuso zinang'aa kama sahani mpya za udongo, ngozi imekuwa nyeupe, pua imechongoka, shingo haina mkunjo hata mmoja. Wateja wa Mwanvua walianza kupungua kidogo kidogo, na wale waliobaki walianza kunong'ona. Hatimaye bibi harusi mmoja, Diana, ambaye Mwanvua alimfahamu tangu akiwa shule ya msingi, alimwambia alichokuwa nacho moyoni.

"Dada, picha ni safi, sikatai," alisema, akiirudisha albamu mezani taratibu. "Lakini umenipiga vile nilivyo."

Mwanvua alicheka, kwa maana hakujua afanye nini kingine. Lakini neno lile lilimkaa. Alikuwa amefundishwa kwamba kumpiga mtu vile alivyo ndiyo kazi yenyewe, na sasa alikuwa akilaumiwa kwa hilo, tena na mtu asiye na ubaya wowote naye.

Haukupita muda kompyuta yake ikaingia virusi ikagoma kuwaka. Akaipeleka kwa Leodgar, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli, Muha mpole anayeongea polepole kana kwamba kila neno analipima. Leodgar aliifufua mashine, lakini programu ile ya zamani ilikataa kurudi. Akamwambia Mwanvua kwamba itabidi achague nyingine, na akamwekea mbele tatu azitazame.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa inayotumiwa na wapiga picha wa majarida. Ilitaka malipo kila mwezi na bando lisilokatika, na Mwanvua akaiaga pale pale. Ya pili ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa mbali wanaojitolea. Ilikuwa na uwezo mkubwa, ila ukiifungua vilijitokeza vitufe na vipimo vingi kama chumba cha rubani. Ya tatu ilikuwa nyepesi, na pamoja nayo ulipachikwa mkoba mzima wa filta. Unaichagua picha, unabonyeza, basi.

Leodgar alipendekeza ya pili. Alieleza kwamba ile haigusi picha ya asili. Kila unachokifanya inakiweka pembeni kama maagizo, na siku ukitaka kurudi nyuma unarudi mpaka mwanzo. Alieleza na mambo mengine mengi kuhusu rangi na uzito wa mafaili, na Mwanvua, ambaye alikuwa ameacha watu wa picha za vitambulisho wakimsubiri, aliitikia kwa kichwa bila kusikia nusu yake.

Alijaribu ya pili kwa siku kadhaa. Alitafuta mahali pa kukata kingo hakupaona. Alifungua dirisha moja likafungua jingine. Alijiona mjinga, na kujiona mjinga katika kazi uliyoifanya tangu usichana ni jambo linaloumiza kuliko kujiona mjinga katika kazi mpya. Akaifunga, akaigusa ya tatu.

Akaijaribu kwa picha yake mwenyewe. Katika ule mkoba wa filta mlikuwa na moja ya kulainisha ngozi, na alipoibonyeza, uso wake ulitoka mle ndani umeacha miaka yote nyuma. Mifuko ya chini ya macho ilitoweka, na mashavu yakajaa. Mwanvua aliitazama picha ile kwa muda mrefu, mlango umefungwa, akaona haya na raha kwa pamoja. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ile ile aliitumia filta kwa picha za sendofu moja ya Ujiji, na wenye sherehe walipozipokea walipiga vigelegele.

Wateja wakarudi. Ile filta wakaibatiza "malaika", kwa vile kila aliyepita humo alitoka bila dosari, na watu wakawa wanaingia wakiagiza kabisa: nitie malaika. Kazi zikawa nyingi, harusi moja juu ya nyingine, kipaimara, mahafali ya kidato cha nne. Mwanvua akajifunza kuipitisha folda nzima kwa mkupuo, picha zote zikajisafisha yeye akinywa chai. Kwa kila picha programu ilikuwa ikimuuliza kwa Kiingereza kama ahifadhi juu ya ile ya mwanzo. Swali lilimkera. Aliona kijisanduku cha kutia alama ili lisiulizwe tena, akakitia alama. Kadi za kamera nazo alizifuta kila alipomaliza, zipate nafasi ya kazi ya kesho.

Katika shughuli hizo ndipo alipofika Bi Stephania.

Bi Stephania alikuwa mchuuzi wa dagaa Katonga. Maisha yake yote aliyapitisha kati ya mitumbwi na chanja, akigeuza dagaa juani, na jua lilikuwa limemwandika usoni. Juu ya kila jicho alikuwa na chale ndogo ndogo alizochanjwa utotoni kwa ajili ya maradhi, kando ya pua alikuwa na chunjua kama mbegu ya mpapai, na kidevuni kovu lililopinda. Maji ya ziwa yalipopanda yakaingia nyumba za ufukweni, yeye alihamishwa na wanawe hadi Rusimbi, na picha zake zote za zamani zilibaki kule zikageuka uji ndani ya sanduku. Kwa hiyo alikuja kupigwa picha moja nzuri. Alivaa kitenge cha kijani kilichokunjwa vizuri na kilemba cha kitambaa hicho hicho, akakaa kwenye benchi wima kama yuko kanisani, na Mwanvua akampiga kwa haraka, maana nje palikuwa na watu wa harusi.

Aliporudi kuichukua, Bi Stephania aliishika picha kwa mikono miwili. Aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama tena.

"Mmenifua kama kitenge," alisema.

Akacheka, na Mwanvua naye akacheka, akidhani amesifiwa. Bi Stephania akashukuru, akaifunga picha kwenye kanga yake, akaenda zake.

Masika yalipokuwa yakiisha, Mwanvua alisikia kwamba yule mama wa dagaa amefariki, presha ilimpanda ghafla. Alikwenda msibani kama jirani, akakaa na wanawake uani, akatoa rambirambi, akarudi. Picha iliyowekwa juu ya jeneza hakuiona, kwa kuwa ilikuwa ndani na watu walikuwa wengi.

Matanga yalipokwisha, binti wa marehemu, Catherine, alikuja studio. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa nguo nyeusi, ameishika fremu ndani ya mfuko wa plastiki. Alisalimia shikamoo, Mwanvua akaitikia na kumpa pole tena, akamvutia kiti. Catherine alizunguka maneno kwanza. Alimshukuru kwa kufika msibani, akasema picha ilikuwa nzuri na fremu ilikuwa nzuri. Mwanvua aliona kwamba huyu binti hataki kumuudhi mtu, na kwamba neno alilolibeba ni zito.

"Mama, sikuja kulaumu," Catherine alisema mwishowe. "Ila wenzake wa Katonga walipofika kuaga waliuliza huyo aliye kwenye picha ni nani. Na mwanangu mdogo hataki kuisogelea. Anasema huyo si bibi."

Akaitoa fremu kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza.

Mwanvua aliitazama. Alikuwa amepitisha mamia ya nyuso mle, lakini hakuwahi kukaa na mmoja hivi, mwenye uso hayupo tena duniani. Chale hazikuwapo, wala chunjua. Kovu la kidevu lilikuwa limejazwa likawa laini. Rangi ya ngozi ilikuwa ya mtu asiyewahi kukaa juani. Macho tu ndiyo yalikuwa ya Bi Stephania, yakitazama kutoka katika uso wa mtu mwingine kama mgeni aliyepotea nyumba.

Alimwambia Catherine kwamba ataisafisha upya kutoka kwenye ile ya asili. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama baba yake mdogo alivyokuwa akiwaambia watu, akafungua kompyuta. Akaitafuta folda. Picha ilikuwamo, moja tu, ile ile ya malaika. Akatafuta folda nyingine, akatafuta kwenye flashi. Ndipo alipokumbuka kile kijisanduku alichokitia alama, na kwamba tangu siku ile kila picha ilihifadhiwa juu ya ile ya mwanzo.

Angeweza kusema kompyuta imeharibika, na Catherine angeamini. Alifikiri hivyo kwa pumzi moja au mbili. Kisha akageuza kiti wakatazamana.

"Mwanangu, ile ya asili sinayo," alisema. "Niliifuta mwenyewe bila kujua ninachofanya. Nipe nafasi nitafute, lakini siwezi kukuahidi."

Catherine hakulia wala hakugomba. Alisema tu kwamba nyumbani hawana nyingine, zote zilikwenda na maji. Mwanvua alijua. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Alifunga studio akapanda bajaji mpaka stesheni akiwa na kadi zake zote za kamera kwenye bahasha. Leodgar alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkumbusha kwamba alimshauri vingine. Alieleza kwamba picha ikifutwa kwenye kadi haiondoki mara moja. Inabaki mle kama maandishi ya chaki yaliyopanguswa kwa mkono, mpaka pale utakapoandika jingine juu yake. Akaziingiza kadi moja moja kwenye kompyuta yake, akaendesha programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa. Kadi kubwa zilitoa maarusi juu ya maarusi, lakini Bi Stephania hakuwamo. Ikabaki kadi ndogo ya zamani ambayo Mwanvua aliitumia kwa picha za vitambulisho na baadaye akaiacha kwa kuwa ilikuwa ikisumbua. Leodgar aliingiza hiyo bila matumaini.

Picha zilianza kujitokeza polepole. Ikaja nusu ya mwanafunzi, ikaja shati lisilo na mtu. Kisha ikaonekana kona ya pazia jekundu, kilemba cha kijani, paji la uso. Chale. Macho. Chunjua kando ya pua. Hapo picha ikakatika, na kuanzia mdomo kwenda chini ikawa kijivu kitupu, kama ukuta.

Leodgar alijaribu tena, akajaribu kwa programu nyingine, kijivu kikabaki pale pale. Alisema sehemu hiyo imekwisha kuandikwa juu. Mwanvua alimwomba amnakilie alichopata. Kisha akamwomba amwekee tena ile programu ya bure aliyoikataa, na safari hii amwonyeshe taratibu.

Alipomwonyesha, Mwanvua alielewa jambo ambalo siku ile lilimpita. Ukipaka rangi, rangi inakaa kwenye tabaka lake juu ya picha, kama karatasi nyembamba ya mafuta. Ukiiondoa, picha iko chini vile vile. "Kumbe hii ina negativu," alisema. Leodgar, ambaye hakuwahi kushika filamu maishani mwake, alifikiri kidogo akasema ndiyo, ni kama hivyo.

Hakujifunza kwa siku moja. Alivunja na kurudia, akamsumbua Leodgar kwa simu mpaka mke wake akamfahamu kwa sauti. Alipoona ameweza vya kutosha alimwita Catherine, wakakaa wawili mbele ya kompyuta asubuhi, pazia la mlango limeshushwa. Mwanvua alimwonyesha nusu iliyofukuliwa. Catherine alipoyaona macho ya mama yake pamoja na chale zake alinyoosha kidole kuligusa paji la uso kwenye kioo, akakirudisha.

Mwanvua akamweleza mpango wake bila kuficha kitu. Nusu ya juu ni picha yenyewe. Nusu ya chini ataichukua kwenye ile ya malaika, kwa kuwa umbo la mdomo na kidevu bado liko mle, atairudishia rangi ya ngozi kwa kufuata ya juu, na kile kilichofutwa atakichora kwa mkono. Hawezi kukichora peke yake, maana yeye alimwona Bi Stephania mara chache. "Wewe ndiye uliyemtazama," alisema. "Niambie."

Wakaanza. Catherine mwanzoni aliongea kwa woga, kana kwamba anakosea darasani. Mikunjo ya pembeni ya mdomo, alisema, ilikuwa mirefu zaidi upande wa kushoto, kwa sababu mama alizoea kutabasamu kwa upande mmoja akipatana bei. Mwanvua alichora, Catherine akasema hapana, haina kina hivyo, Mwanvua akapunguza. Walipofika kwenye kovu la kidevu walikwama. Catherine alijua lilitokana na mchi uliomrukia mama yake akiwa msichana, alijua kisa chote na jinsi mama alivyokisimulia, lakini hakukumbuka kama lilipinda kulia au kushoto. Alifumba macho. Alijigusa kidevu chake mwenyewe huku na huku. Na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele ya Mwanvua, kwa sababu ya upande wa kovu.

Mwanvua aliacha kipanya cha kompyuta akamshika mkono. Hakumwambia anyamaze. Baadaye Catherine alimpigia simu mama yake mdogo Katonga, wakaongea Kiha kwa kirefu, wakacheka kidogo, na jibu likapatikana. Lilipinda kushoto.

Picha ilipokamilika, mtu anayejua kazi angeweza kuuona mshono. Chini ya pua ngozi ilikuwa na utulivu ambao juu haukuwapo, na Mwanvua aliuona kila alipoitazama. Aliisafisha kubwa, akaiweka kwenye fremu, na nyuma yake akabandika bahasha yenye nakala ndogo ya ile nusu ya kweli peke yake, kijivu na vyote, ili wajukuu wakikua wajue wapi picha inaishia na wapi mkono unaanzia. Aliipeleka mwenyewe. Aliikuta familia imekaa uani, na yule mtoto mdogo akaja, akasimama mbele ya fremu huku ameshikilia gauni la mama yake, akasema bibi amevaa kilemba cha kanisani.

Mwanvua hakuifuta filta ya malaika. Watu walimshauri hivyo, na wengine walitarajia kwamba baada ya kisa kile ataanza kuwahubiria wateja. Hakuwahubiria. Alikumbuka jinsi alivyojisikia alipouona uso wake mwenyewe umelainika, na hakuona kosa kwa mtu kutamani siku moja ya namna hiyo. Alichobadili ni utaratibu. Kazi zote alizihamishia kwenye programu ngumu, picha za asili akaziweka kwenye diski mbili, moja ya studio na moja ya chumbani kwake. Leodgar alimtafutia filta za kupachika humo, naye akazichuja moja baada ya nyingine: ile ya kutoa vivuli vikali vya jua la mchana aliiweka, ile ya kuondoa ukungu wa ziwa aliiweka, ile ya kuchonga pua aliitoa. Ya kulainisha ngozi aliibakiza, lakini aliipunguza nguvu. Na mteja akija humwonyesha picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, hii na hii, achague mwenyewe.

Wengi bado huchagua iliyong'aa. Wachache, hasa wazee, huchagua nyingine, na mara nyingine mtu hukaa pale muda mrefu akitazama moja, akatazama ya pili.

Majuzi walikuja maarusi wapya, Ismaili na Shukrani, kuchagua picha ya kutundika sebuleni. Shukrani alitaka ile ya malaika. Ismaili alisema yeye hakumposa huyo, alimposa huyu, akaonyesha picha ya pili, yenye chunusi moja juu ya nyusi na macho yaliyochoka kwa shughuli za usiku wa kuamkia harusi. Shukrani akasema chunusi si yake, ni ya wiki ile tu, kwa nini ikae ukutani maisha yake yote. Walibishana kwa upole, wakamgeukia Mwanvua awaamulie. Mwanvua alisema kwamba hilo si lake, akainuka kuwasha feni. Aliporudi walikuwa wamekubaliana kuiondoa chunusi na kuyaacha macho.

Akaketi, akavuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, akaanza kazi.